Jaramogi na Katiba iliyobadilishwa haraka haraka



Leo tuongee kidogo kuhusu marehemu Jaramogi Oginga Odinga. Najua wengi mtasema huyu tunamjua bwana, mzee wa kofia ya shanga na usinga mkononi, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, baba yake Raila. Sawa. Lakini kuna upande wa maisha yake ambao mimi niliupita juu juu nikiwa sekondari. Mwalimu alituandikia ubaoni orodha ya marekebisho ya Katiba, mwaka na kilichobadilishwa, tukakariri, tukafanya mtihani, tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba mawili kati ya yale marekebisho yalimwangukia mzee yule yule mmoja, na kwamba namna yalivyopitishwa ndiyo habari yenyewe.

Hebu tuanze mwanzo.

Jaramogi alizaliwa karibu mwaka 1911 huko Sakwa, Bondo. Alisoma Maseno, akaenda Alliance, kisha Makerere, akarudi kufundisha. Ualimu haukumtosha. Mwaka 1947 akaanzisha kampuni ya Luo Thrift and Trading ili watu wachange pesa zao wenyewe na kufanya biashara bila kumsubiri mzungu. Mwaka 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mmoja wa Waafrika 8 wa kwanza kuingia humo kwa kura. Mwaka uliofuata akasimama mle ndani, akawaambia wazi kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ni viongozi wa watu. Ukumbi ulichafuka! Hata Waafrika wenzake wengine walimruka. Yeye hakurudi nyuma. KANU ilipoundwa mwaka 1960 akawa makamu wa rais wa chama.

Sasa tufike kwenye Katiba.

Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa ngumu kubadilisha, na iliwekwa hivyo makusudi. Bunge lilikuwa na mabaraza mawili, Wawakilishi na Seneti. Marekebisho ya kawaida yalitaka robo tatu ya wabunge wote katika kila baraza. Vifungu vilivyolindwa zaidi, kama vya majimbo, vilitaka asilimia 90 ya Seneti. Pigeni hesabu na mimi: maseneta walikuwa 41, asilimia 90 ni 37. Yaani maseneta 5 tu wakikataa, mswada umekufa. Makabila madogo yaliyokuwa nyuma ya KADU yaliona hiyo ndiyo ngome yao.

Serikali ya KANU haikuipenda ngome hiyo. Novemba 1964 KADU ikajivunja, wabunge wake wakahamia upande wa serikali. Hakuna aliyewaambia warudi kwanza kwa wananchi kuomba kura upya. Wote walipokelewa kwa shangwe. Kenya ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964 na Jaramogi akawa makamu wa rais.

Mwaka 1965 yakaja marekebisho mengine. Kile kiwango cha robo tatu na cha asilimia 90 vikaondolewa, vikawekwa asilimia 65 kwa kila kitu. Seneti ambayo ilihitaji wakataaji 5 kuzuia mswada sasa ikahitaji 15. Na hapa ndipo nataka msimame kidogo. Mwaka huo Jaramogi hakuwa upinzani. Alikuwa makamu wa rais, ndani ya serikali ile ile iliyoupeleka mswada Bungeni. Mlango ulipanuliwa yeye akiwa ndani ya nyumba.

Haukupita hata mwaka mmoja.

Machi 1966 KANU ilifanya mkutano wake Limuru. Kiti cha Jaramogi cha makamu wa rais wa chama kikafutwa, wakawekwa makamu 8 wa mikoa badala yake. Aliona ujumbe. Tarehe 14 Aprili 1966 akajiuzulu umakamu wa rais wa nchi, akaenda na akina Bildad Kaggia kwenye chama kipya, KPU. Wabunge wengine kadhaa wakamfuata.

Bunge lilikuwa likizoni. Likaitwa haraka. Mwisho wa Aprili ukaletwa mswada wa kubadilisha Katiba: mbunge akihama chama kilichomdhamini, na chama hicho bado kipo Bungeni, basi anapoteza kiti na lazima arudi kwa wapiga kura. Ona vizuri yale maneno, chama hicho bado kipo. Wale wa KADU walikuwa salama kwa sababu chama chao kilikuwa kimeshakufa walipohama. Wa KPU walikuwa wamekwisha, hata kama walihama kabla sheria haijatungwa. Wengine walijaribu kurudi KANU, wakaambiwa mmechelewa.

Na utaratibu je? Kanuni za kawaida zikawekwa kando. Zile siku ambazo mswada unatakiwa ukae wazi watu wausome hazikungojwa. Hatua zote zikakimbizwa. Wapinzani walilalamika kwamba Katiba haibadilishwi kwa staili hiyo, lakini kura zilitosha, na asilimia 65 ilikuwa rahisi kufikiwa. Wengi wakashinda.

Ndipo ukafuata ule uchaguzi wa Juni 1966 ulioitwa Uchaguzi Mkuu Mdogo. KPU ikaambulia viti 9, vya Wawakilishi 7 na vya Seneti 2. Jaramogi akashinda Bondo, Kaggia akaangushwa Kandara. Kufikia 1967 Seneti yenyewe ikawa haipo tena, imeunganishwa na baraza la chini. Oktoba 1969, baada ya damu kumwagika Kisumu siku Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali, KPU ikapigwa marufuku na Jaramogi akatiwa kizuizini. Alitoka Machi 1971. Chaguzi za 1974 na 1979 akazuiwa kugombea.

Mngedhani yameisha. Wapi!

Mwaka 1982, wakati wa Moi, mzee akaanza kuzungumza habari ya kuunda chama kingine pamoja na George Anyona. Mei akafukuzwa KANU. Sheria ilikuwa bado inaruhusu vyama vingi, kwa hiyo hakuwa amevunja kitu. Dawa ikawa ni kubadilisha sheria. Tarehe 9 Juni 1982 Bunge likaingiza kifungu 2A kwenye Katiba, kwamba chama ni KANU pekee. Mswada uliletwa na Charles Njonjo, ukaungwa mkono na Mwai Kibaki, ukamalizwa alasiri moja. Alasiri moja, ndugu zangu! Kuna watu huchukua muda mrefu kuliko huo kuchagua kiatu. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1 mwaka huo, Jaramogi akafungiwa nyumbani kwake Kisumu.

Kifungu hicho kilikaa miaka 9. Agosti 1991 mzee, akiwa karibu miaka 80, akawa mmoja wa waanzilishi 6 wa FORD. Desemba mwaka huo 2A ikafutwa. FORD nayo ikagawanyika, na katika uchaguzi wa Desemba 1992 Jaramogi akawa wa nne. Lakini akarudi Bungeni kama mbunge wa Bondo na kiongozi rasmi wa upinzani. Akafariki tarehe 20 Januari 1994.

Kwa nini nawaletea haya? Kwa sababu kila ukisikia wabunge wanabishana kuhusu utaratibu, mswada umesomwa lini, umekaa siku ngapi, kura zimehesabiwaje, watu husema hayo ni maneno ya mawakili, twende kwenye hoja. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo. Katiba ya 2010 inataka siku 90 zipite kati ya kusomwa mara ya kwanza na mara ya pili, na theluthi mbili ya wabunge wote wa kila baraza. Zile siku 90 ni nafasi ya mtu wa Bondo, wa Lamu au wa Turkana kusikia kabla mambo hayajaisha. Mwaka 2022 mpango wa BBI, ambao Raila mwenyewe aliupigania akiwa na Uhuru Kenyatta, ulikwama Mahakama ya Juu kwa sababu ya njia uliyopita, rais alikuwa ameuanzisha kama mpango wa wananchi. Uwe uliupenda au hukuupenda, safari hii kuna mtu aliyeuliza utaratibu na akasikilizwa. Mwaka 1966 Jaramogi hakuwa na mlango kama huo wa kubisha.

Funzo ninalochukua kwa mzee ni hili. Ukiwa serikalini, usifurahie kizuizi kikiondolewa kwa sababu leo kinamsumbua mwenzako. Kesho wewe ndiye utakayekitafuta na hutakiona.

Wazee mliokuwepo 1966 au 1982, tupeni mliyoyaona. Maoni hapo chini, lakini tafadhali bila matusi na bila ukabila.

Tuko pamoja.