MZEE KENYATTA ALIPOKUWA MWALIMU WA KIKUYU LONDON

Jina la Mzee Jomo Kenyatta si geni masikioni mwako. Sura yake ilikuwa kwenye noti na sarafu zetu kwa miaka na mikaka. Lakini somo la Historia humpitisha Uingereza kwa mbio sana. Tunaambiwa alikwenda mwaka wa 1929, akarudi 1930, akaenda tena 1931 na kurejea 1946. Basi! Miaka kumi na mitano inamezwa kwa sentensi moja. Mimi nilipoisoma sentensi hiyo nilijiuliza swali la tumbo: je, muda huo wote alikuwa akila nini?

Alizaliwa Ng'enda, kule Gatundu, katika miaka ya 1890, akaitwa Kamau wa Ngengi. Mwaka wa 1909 alijiunga na misheni ya Waskoti pale Thogoto, na 1914 akabatizwa Johnstone. Baadaye alipata kazi katika idara ya maji ya mji wa Nairobi, akawa anasoma mita. Kwa Mwafrika wa siku zile huo ulikuwa mshahara mzuri, tena wa hakika kila mwisho wa mwezi. Aliuacha. Mwaka wa 1928 akawa katibu mkuu wa chama cha Kikuyu Central Association, yaani KCA, na mhariri wa gazeti lao, Muigwithania. Februari 1929 akapanda meli kwenda London kupeleka malalamiko ya mashamba yaliyonyakuliwa na walowezi. Nauli ilitoka kwa wanachama, watu wa kawaida waliochanga shilingi kwa shilingi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. London jembe lilikuja upesi. Pesa za mchango zilikwisha kabla ya wakubwa wa serikali kumsikiliza sawasawa, na mwenye nyumba akamzuilia vitu vyake kwa sababu ya deni la kodi. Hebu fikiria: mjumbe wa watu wote wa mlimani, na sanduku lake limeshikwa na mwenye nyumba!

Aliporudi tena mwaka wa 1931, akifuatana na Parmenas Githendu Mockerie, mambo hayakuwa rahisi zaidi. Alisoma kidogo katika chuo cha Woodbrooke mjini Birmingham, kisha akaenda Moscow kati ya 1932 na 1933. Halafu akapanga chumba katika nyumba nambari 95, Cambridge Street, mtaa wa Pimlico, London. Hapo alikaa kuanzia 1933 hadi 1937.

Tusidhani chumba cha London ni raha. Katika vyumba vingi vya kupanga vya wakati ule, moto ulikuwa wa gesi, na gesi ilitaka utie sarafu kwenye mita. Sarafu zikiisha, moto unazimika, na baridi ya huko si hii yetu ya Julai ambayo jua likitoka saa nne tunaisahau. Tena wenye nyumba wengi walimfungia mlango mtu mweusi hata akiwa na pesa mkononi. Ukishapata mmoja aliyekubali, unamng'ang'ania.

Sasa, kitu gani alikuwa nacho Kenyatta ambacho London haikuwa nacho? Digrii hakuwa nayo. Ufundi wa Wazungu hakuwa nao wa kuwashinda. Alikuwa na Kikuyu. Kile kile Kikuyu cha nyanya yake ndicho kilichompa riziki. Kati ya 1935 na 1937 alifanya kazi katika Idara ya Fonetiki ya University College London. Kulikuwa na bibi mmoja bingwa wa matamshi, Lilias Armstrong, aliyekuwa akichunguza sauti za Kikuyu. Kikuyu kina vokali saba, siyo tano kama Kiswahili, na neno likipandishwa au kushushwa sauti laweza kugeuka maana kabisa. Mzungu hawezi kuyajua hayo kwa kusoma vitabu. Lazima apate mtu wa kumtamkia.

Basi kazi ya Kenyatta ilikuwa kutamka. Anasema neno, bibi anasikiliza, anaandika. Anarudia. Anarudia tena, na sauti yake ikanaswa kwa mitambo ili isikilizwe baadaye. Ni kazi ya kuchosha ulimi, na malipo yake yalikuwa madogo, lakini yalikuwa malipo. Bi. Armstrong alifariki 1937 kabla kitabu hakijatoka. Kilichapishwa mwaka wa 1940. Wengi wetu tulipokuwa shule ya msingi tulivishwa kijibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Natamani mtu angetuambia wakati ule kwamba kuna Mkikuyu aliyelipwa kuisema, tena katika chuo kikuu cha Uingereza!

Na Kiswahili je? Nacho kilimfaa. Mwaka wa 1937 msomi Mwamerika mweusi, Ralph Bunche, alikuwa London akijitayarisha kuja Afrika Mashariki, na mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa Kenyatta. Huyu Bunche ndiye aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 1950, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Wanachama wa chama chetu cha Kiswahili, jitieni kifua mbele.

Ualimu peke yake haukutosha. Mwaka wa 1934 Kenyatta alijitia katika kundi la watu weusi wapatao 250 walioajiriwa kuonekana nyuma katika filamu ya Sanders of the River. Filamu hiyo ilisifu ukoloni, na yeye alikuwa akiupinga. Kuna wanaomlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu sana, kwa maana mwenye nyumba hapokei siasa badala ya kodi. Wakati huohuo alikuwa akisoma elimu ya mila na desturi kwa Profesa Malinowski katika London School of Economics. Masomo hayo yakazaa kitabu Facing Mount Kenya, mwaka wa 1938. Leo kinasifiwa kote, lakini kilipotoka ziliuzwa nakala 517 tu. Hicho nacho hakikumlisha.

Vita vilipoanza 1939 alihamia kijiji cha Storrington, Sussex. Mwaka wa 1940 serikali ya Kenya ikakipiga marufuku KCA, na mkono wa nyumbani ukakatika. Akaajiriwa shambani, kisha kwenye vibanda vya kioo vya nyanya. Akapanda mboga, akafuga kuku, na jioni nyingine akatoa mihadhara kwa wafanyakazi. Ukimtazama hapo utadhani ni mzee yeyote wa hapa Gakindu, ila tu mvua ni ya Uingereza. Mwaka wa 1942 akamwoa mwalimu aitwaye Edna Clarke, na mwaka uliofuata wakapata mtoto, Peter Magana.

Hapa ndipo ninaposita. Nyumbani Kenya alikuwa amemwacha mkewe Grace Wahu na watoto wawili, Peter Muigai na Margaret Wambui. Margaret alizaliwa 1928, baba akaondoka akiwa hajui hata kumtambua. Sisi husifu jinsi Mzee alivyovumilia njaa ya London, lakini Wahu naye alilea watoto peke yake, na hakuwa na Malinowski wala Bunche wa kumsimulia shida zake. Na alipopanda meli Septemba 1946, Edna naye akaachwa na mtoto wa miaka mitatu. Uzalendo wake sina shaka nao. Ila hesabu ya gharama yake haikulipwa na mtu mmoja.

Alipofika nyumbani hakwenda ofisini. Alikwenda Githunguri, kwenye chuo cha walimu kilichoanzishwa 1939 kwa michango ya wazazi wa shule za kujitegemea, zikiwemo za Nyeri. Mwaka wa 1947 akawa mkuu wa chuo hicho. Ada zilichelewa, na pesa za walimu zilitafutwa huku na huku katika harambee, shilingi kwa shilingi kama ile nauli ya 1929. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka wa 1952, wakati mkuu wake alipokamatwa.