Bibi Nightingale na Wanafunzi wa Wodini

Kila nimwonapo mwanafunzi wa uuguzi akimgeuza mgonjwa kitandani, mimi humkumbuka Bibi Florence Nightingale, aliyezaliwa mwaka 1820. Baada ya kuwauguza askari wa Uingereza katika vita vya Crimea, alitumia fedha alizochangiwa na wananchi kuanzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860. Wasichana walijifunza wodini mwaka mzima: kusafisha vidonda, kufunga bandeji, kuwageuza wasiojiweza. Posho yao, pauni 10 kwa mwaka, ilitoka katika mchango ule. Hospitali nayo ikapata mikono yao. Bibi huyo alifariki mwaka 1910. Kwa maoni yangu, mwanafunzi si mzigo wodini. Hujifunza huku akitumika. Basi tusimfanye kibarua wa bure. Tumpe mwalimu na shukrani.