Carl Sagan: aliwatumia salamu viumbe wa mbali, Kiswahili kikaachwa

Wadau, hapa Tukuyu mawingu yakiachia na umeme ukikatika, nyota zinaonekana mpaka raha. Ndipo kijiweni ubishi unaanza: huko juu kuna wenye akili kama sisi, au tuko peke yetu? Leo nawaletea jamaa aliyeng'ang'ana na swali hilo maisha yake yote.

Carl Sagan alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 9 Novemba 1934. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Dogo alianza mapema kwenda maktaba kusoma habari za nyota, na 1960 akapata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Chicago. Akafundisha Harvard, wakamnyima ajira ya kudumu. Hakukata tamaa, 1968 akahamia Cornell.

Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 1 na 2. Kila kimoja kilibeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, kwa ajili ya kiumbe yeyote atakayekiokota. Sagan ndiye aliyeongoza kamati ya kuiandaa. Mna wimbo wa wasichana wa Kimbuti kutoka misitu ya Ituri, Kongo. Mna picha ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe. Halafu mna salamu za lugha 55.

Sasa sikilizeni. Kiganda kimo. Kinyanja cha jirani zetu wa Malawi, hapo ng'ambo ya mto Songwe, kimo. Kiswahili hakimo! Mimi inaniuma kweli, maana Voyager 1 ilishatoka kwenye himaya ya Jua tangu 2012 na hairudi tena.

Lakini jamaa namheshimu kwa jambo moja. Alitamani sana viumbe hao wawepo, ila stori za visahani vinavyoruka alizikataa. Alitaka ushahidi, basi. Alifariki Seattle tarehe 20 Desemba 1996, akiwa na miaka 62, bila kupata ishara hata moja. Mpaka leo hakuna aliyeipata. Angeweza kudanganya akauza vitabu zaidi, hakufanya hivyo.

Kwa hiyo mtu akikwambia ameona taa za ajabu juu ya Mlima Rungwe, usimcheke, mwulize ushahidi. Na wewe uliyeko sekondari, komaa na fizikia. Siku wakiandaa santuri nyingine, mmoja wetu awemo kwenye kamati.

Wadau mnasemaje, tuko peke yetu?