Habari za Siti binti Saad, Mwimbaji wa Unguja

Wakati wa jubilei twawakumbuka waliotutangulia. Lakini waimbaji husahauliwa upesi: wimbo hubaki midomoni mwa watu, na jina la mwenye wimbo hupotea. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia maisha ya mwanamke mmoja. Hakuwa wa kanisa letu, wala hakukaa katika nchi hii ya Singida. Walakini habari zake zawafaa walimu na wakuu wa kwaya wa Mungaa kama ziwafaavyo watu wa pwani.

Alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mtu wa nchi iliyo jirani yetu upande wa magharibi, na mama yake Mzigua. Wazazi wake walikuwa katika hali ya utumwa, na mtoto akaitwa Mtumwa. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897. Lakini sheria iwezayo kufuta utumwa haifuti dharau siku ile ile. Mtoto huyu hakusomeshwa. Alijifunza kwa mama yake kazi ya kufinyanga vyungu, na alipovitembeza aliwaita wanunuzi kwa kuimba. Hivyo watu waliijua sauti yake kabla ya kumwona uso.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Siku zile taarabu, hasa ile ya jumba la Sultani, iliimbwa kwa Kiarabu. Alipata watu wa kumfundisha kuimba pamoja na ala, na kwa kuwa hakujua kusoma, alisikiliza sana na kuyahifadhi yote moyoni. Kisha akaimba kwa Kiswahili, lugha ya wapagazi, wavuvi na wapishi, na watu wakakusanyika kumsikiliza. Ndipo jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima.

Mwaka 1928 alivuka bahari pamoja na wenzake hata Bombay, katika Bara Hindi, na sauti zao zikatiwa katika santuri. Santuri hizo zilinunuliwa Unguja na pwani yote, hata mtu asiyepata kumwona aliweza kumsikia.

Miongoni mwa nyimbo zake umo uitwao Kijiti. Huo wasimulia habari ya mwanamke mgeni, mwenye mimba, aliyekwenda Unguja kutembea, akauawa na mtu aliyeitwa jina hilo. Mwuaji alitorokea bara, asipatikane. Na wanawake waliosimama barazani kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Kesi ilikwisha, lakini wimbo haukunyamaza. Marehemu hakuwa na wa kumtetea, na wimbo ukawa shahidi wake. Tangu hapo waliousikia walijua ni nani aliyetenda ubaya, na ni nani aliyeonewa.

Siti binti Saad alifariki mwaka 1950. Bwana Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na baadaye Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania kiliita gazeti lake Sauti ya Siti.

Basi, walimu wenzetu, tujifunze mambo mawili. La kwanza, tusimdharau mtoto anayekuja darasani na nguo mbovu, wala asiyejua kusoma upesi. Pengine Mungu amemwekea kipawa ambacho daftari halikionyeshi. La pili, tuziandike nyimbo za wazee wetu wangali hai, pamoja na majina yao na sababu za kutungwa kwake. Siti hakuweza kuandika, walakini alipata wa kumwandikia. Ni wangapi hapa kwetu waliozikwa na nyimbo zao, kwa kuwa hatukuwauliza?