Bwana Jackson na Ndege wa Sotik

Sisi watu wa pwani ndege twawajua kwa mambo machache. Kunguru twamjua kwa wizi wake, kwale kwa mchuzi wake, na hudihudi twamjua tangu chuoni kwa kisa chake na Nabii Suleimani. Waliobaki wote jina lao ni moja: ndege. Nami sijitoi katika hesabu hiyo. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimetunga mashairi, na ndani yake ndege hakukosekana. Ndiye mpenzi, ndiye tarishi, ndiye roho iliyo tunduni. Lakini lau mtu angaliniuliza ni ndege gani huyo, ana rangi gani na hula nini, ningalinyamaza.

Aibu hiyo ilinidhihirikia Kericho. Nilikwenda kumzuru jamaa yangu afanyaye biashara huko, na asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri nikatoka kutembea, nimejifunika shuka mbili kwa baridi. Chai imetandazwa juu ya vilima kama busati, na pale inapokoma ndipo msitu unapoanza. Ukingoni mwa msitu akaruka ndege mkubwa wa kijani, na alipokunjua mbawa nikaona wekundu ambao sijapata kuuona hata katika hariri. Mzee mmoja wa Kikipsigis aliyekuwa akipita na ng'ombe wake aliniona nimeduwaa. Akanitajia jina la ndege yule kwa lugha yake, akanionyesha na mti ambao hupenda kula matunda yake. Jioni mjukuu wake, kijana wa shule, akaniletea kitabu cha ndege wa Kenya. Humo nikasoma kwamba wekundu ule una madini ya shaba ndani yake, na kwamba nchi hii ina aina zaidi ya 1,000 za ndege. Nikaona pia jina moja likijirudia: Jackson. Kuna kwale wa Jackson, kuna hondohondo wa Jackson, kuna na ndege mweusi wa majanini mwenye mkia mrefu, naye pia ni wa Jackson. Nikataka kumjua mtu huyu.

Kumbe ametokea kwetu. Frederick John Jackson alizaliwa Uingereza katika jimbo la Yorkshire mwaka 1860, akasoma Cambridge, na mwaka 1884 akaja Lamu kumfuata rafiki yake Haggard, aliyekuwa naibu wa balozi wa Kiingereza pale. Alikuja kuwinda. Alizunguka visiwa vyetu, akapanda Mto Tana, akafika hadi nchi za Kilimanjaro. Lakini pamoja na bunduki ya nyati alikuwa na bunduki ndogo ya ndege. Zama zile ndivyo walivyojifunza: ndege hupigwa, huchunwa ngozi kwa uangalifu, hutiwa pamba, kisha hufungwa kikaratasi mguuni chenye tarehe na mahali. Ngozi hizo hupelekwa London, na huko wataalamu huamua kama ni ndege anayejulikana au ni mgeni.

Mwaka 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilimpa uongozi wa msafara wa kwenda bara, kufungua njia ya nchi zilizo ng'ambo ya ziwa Victoria na kutafuta habari za Emin Pasha. Msafara ukaondoka pwani na mamia ya wapagazi. Walipita Machakos na Naivasha, wakaukwea ukuta wa Mau, na mwezi wa Oktoba walikuwa Sotik, katika nchi ambayo leo ni Bomet. Wakati huo hapakuwa na mche mmoja wa chai. Palikuwa na msitu, malisho, na ng'ombe wa Wakipsigis, ambao wageni waliwaita Walumbwa.

Kutoka hapo msafara ulishuka hadi kwa Mumia, kisha Jackson akaelekea kaskazini, mlima Elgon. Alipokuwa huko, Mjerumani Carl Peters alifika kwa Mumia, akazifungua barua za Jackson na kuzisoma, akakimbilia Buganda kufanya mkataba na Kabaka Mwanga. Aliporejea Jackson, ndege alikuwa amekwisha kuruka. Mkataba ule haukudumu, kwani mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana wao kwa wao. Lakini shehena ya ngozi za ndege ilifika London salama. Mwaka mmoja tu, 1891, kwale, hondohondo na yule mweusi wa majanini wote watatu wakapewa jina lake. Mwaka 1896 akafuatia kinyonga mwenye pembe tatu.

Yule mweusi wa majanini nataka nimweleze kidogo. Wakati wa kuzaana, dume hukanyaga majani mpaka yakafanya uwanja wa duara, akaacha kichaka kimoja katikati. Kisha huruka juu, akashuka, akaruka tena, mkia umepinda nyuma yake, na madume wengine kando yake kila mmoja na uwanja wake. Majike huja kutazama na kuchagua, na wataalamu wamepata kuwa arukaye zaidi ndiye apendwaye zaidi. Aliyeona vijana wetu wakishindania sifa katika ngoma za harusi hatashangaa.

Jackson aliingia serikalini mwaka 1894. Mwaka 1897, askari wa Kisudani walipoasi Uganda, alipigwa risasi akanusurika. Alipanda cheo hata akawa Naibu Gavana katika Nairobi, na kuanzia mwaka 1911 Gavana wa Uganda, akapewa na jina la Sir. Kazi zote hizo hazikumtoa katika ndege. Mwaka 1909 kilipoundwa Chama cha Elimu ya Viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda, yeye alikuwa rais wake wa kwanza, na katika juhudi za chama hicho ndimo makumbusho ya Nairobi yalimozaliwa. Baada ya kustaafu alikaa na maandishi yake ya miaka mingi, akitengeneza kitabu cha ndege wote wa Kenya na Uganda. Hakukimaliza. Alifariki Ufaransa mwezi wa Februari 1929. Mwenzake W. L. Sclater akakikamilisha, na mwaka 1938 kikatoka, majuzuu matatu.

Hapa ningaliweza kukomea, nikamsifu mtu kwa elimu yake. Lakini mizani ina vitanga viwili.

Mwaka 1905 serikali ilipeleka jeshi Sotik kwa sababu watu wa huko waliteka ng'ombe wa Wamasai na kukataa kuwarudisha. Watu wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu. Baadaye ardhi ikagawiwa masetla, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaanza kupanda chai Kericho. Mwaka ule wa vita Jackson alikuwa Naibu Kamishna, mtu wa pili katika serikali hiyo. Simtwiki amri ambayo sikuona mkono wake juu yake. Hata hivyo, aliyekuwa na jicho la kutofautisha ndege wawili kwa unyoya mmoja alitumikia dola ambayo haikutaka kutofautisha mwenye nchi na mpita njia.

Tena kuna jambo la majina. Mizigo ile ya ngozi haikujibeba. Iliteremka mpaka pwani juu ya vichwa vya babu zetu, na wengi wao hawakurudi makwao. Sijaona ndege aliyepewa jina la mpagazi. Wala ndege hao hawakuwa wageni kwa wenyeji wao. Wakalenjin wana ukoo wa Moi ambao alama yake ni korongo mwenye taji, na Waogiek wa Mau wamekuwa wakimfuata mlembe awaongoze kwenye mizinga ya nyuki tangu kabla hajazaliwa babu yake Jackson. Elimu ilikuwapo. Kilichokosekana ni kikaratasi cha mguuni.

Je, basi tuikatae elimu ya Jackson? Mimi nasema hapana. Kunguru alimfundisha Kabil kumzika nduguye, na Kabil hakuwa mtu mwema; somo halikuharibika kwa sababu ya mwanafunzi. Kikaratasi kile chenye tarehe na mahali chatuwezesha leo kujua ndege gani alikuwa wapi miaka zaidi ya mia iliyopita, na msitu gani umepotea pamoja na wakazi wake. Na bunduki haihitajiki tena. Darubini ndogo, daftari na subira vyatosha. Chama alichokiongoza Jackson kingali hai, na leo wengi wa wanaotembea nacho kutazama ndege ni Wakenya wenyewe.

Siku ya mwisho Kericho nilirudi ukingoni mwa msitu na yule mzee na mjukuu wake. Mzee alitaja majina kwa Kikipsigis, kijana akatafuta katika kitabu, nami nikaandika, kwanza jina la mzee, kisha la kitabu. Tulipofika kwa ndege mdogo anayefyonza maua, mimi pia nikapata la kusema: kwetu huitwa chozi. Mzee alilikariri mara mbili, akacheka. Tulihesabu ndege kumi na tisa kabla mvua haijatufukuza. Nimerudi nyumbani na daftari hilo, na shairi langu lijalo, Mola akipenda, ndege atakayekuwamo atakuwa na jina lake.