Moraa wa Kisii na Mwana Aliyemlea

Wasomaji wetu wa Pwani wamezoea kusoma habari za mashujaa wa Mombasa na Pate. Leo twawaletea habari za mama wa bara, Moraa wa Ngiti, katika nchi ya Abagusii, ambayo sasa ni Kisii na Nyamira.

Yapasa kwanza ijulikane desturi ya nyumba zao. Mume akiwa na wake kadhaa, kila mke alikuwa na nyumba yake na shamba lake, na watoto walihesabiwa kwa nyumba ya mama yao. Lakini wa nyumba zote walicheza pamoja na kuchunga pamoja, na mtoto mchanga alibebwa na mlezi mdogo aitwaye omoreri, dada yake au binti wa jamaa. Na ajabu ya lugha yao, neno baba maana yake ni mama; baba mzazi huitwa tata.

Katika malezi hayo alikua Otenyo. Wako wasemao alikuwa mpwa wa Moraa, na wako wasemao ni mwana wa kulea. Kwa kauli zote mbili hakutoka tumboni mwake, na kwa zote mbili alimsikiliza kama mwana amsikilizavyo mamake.

Mwaka 1905 jeshi la Kiingereza liliwapiga Wakisii na kutwaa ng'ombe wao. Mwaka 1907 akaja Northcote kuweka kituo cha serikali. Moraa, mganga aliyesikizwa sana, aliwashutumu vijana kwa woga, akawaambia kwamba wanaume wakishindwa, wanawake watashika silaha. Januari 1908 Otenyo alimchoma Northcote mkuki. Northcote akapona, na baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa kwa wingi, hata Churchill, aliyekuwa katika wizara ya makoloni, akahoji haja ya kuwaua wasio na kinga kiasi kile.

Uganga hatuusifu, na dhuluma ya wageni haina udhuru. Lakini twaona hapa jambo linalotuhusu sisi tuleao mayatima, watoto wa ndugu na watoto wa wake wenza. Mtoto halipimi neno kwa damu. Hulipima kwa mkono uliomlisha. Moraa alitamka, na aliyemlea akaenda, wala hakurudi. Basi mlezi na apime neno lake kabla ya kulitamka, kwani yuko atakayelibeba hata mautini.