Alan Cobham, rubani aliyeyaona maziwa kuwa viwanja vya ndege

Mstari ulionyooka kutoka Jinja hadi Kisumu hukatiza ufuo wa Busia karibu na Port Victoria, mwamba wa Tororo ukibaki upande wa kaskazini. Mwanzoni mwa mwaka 1926 rubani Mwingereza Alan Cobham alisafiri kati ya miji hiyo miwili, akitoka London kwenda Cape Town. Ndege yake ilikuwa ya magurudumu, nayo ilihitaji kiwanja: miti ikatwe, vichuguu visawazishwe, nyasi zifyekwe tena kila mvua zinapopita. Kazi hiyo ilifanywa na wenyeji, ambao historia ya usafiri wa anga huwataja kwa nadra.

Ziwa halikuhitaji jembe wala panga.

Cobham alizaliwa London tarehe 6 Mei 1894. Katika Vita Kuu ya Kwanza alihudumia farasi wa jeshi kabla ya kujifunza urubani. Baada ya safari ya Cape Town, ndege yake ilifungwa maboya badala ya magurudumu, na Juni 1926 akaondoka kuelekea Australia. Kati ya Baghdad na Basra risasi iliyofyatuliwa kutoka ardhini ilimpata fundi wake, Arthur Elliott, akafariki. Cobham alikaribia kuikatisha safari. Hatimaye aliendelea, akafika Darwin, kisha Melbourne. Tarehe 1 Oktoba alitua juu ya mto Thames, mbele ya Bunge la Uingereza, na mwaka huohuo akatunukiwa cheo cha Sir.

Novemba 1927 alirejea Afrika, safari hii na mkewe Gladys, kwa Short Singapore, ndege ambayo tumbo lake lilikuwa mashua ya aloi ya alumini. Mawimbi ya Malta nusura yaivunje. Ilipokwisha kutengenezwa waliufuata Mto Nile hadi Ziwa Victoria, wakaizunguka Afrika nzima na kurudi Uingereza mwaka 1928.

Alitaka kuiendesha njia hiyo mwenyewe, akishirikiana na kampuni ya Blackburn. Serikali ya Uingereza, hata hivyo, iliikabidhi Imperial Airways, na haki yake ikanunuliwa. Februari 1931 barua za kwanza ziliondoka London kwenda Mwanza, zikitumia ndege za majini kuanzia Khartoum. Mwaka huo reli iliyopitia Tororo nayo ilifika Kampala. Cobham mwenyewe alikuwa angani tena, akiipeleka ndege ya maboya hadi Ziwa Kivu, Kongo.

Baadaye aligeukia ufundi wa kujaza ndege mafuta zikiwa angani. Vita Kuu ya Pili viliacha viwanja vya nchi kavu kila mahali, na Novemba 1950 ndege za majini za abiria kutoka Uingereza ziliacha kutua Port Bell. Cobham alifariki tarehe 21 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 79.